Nani Kaujaza Mji wa Mombasa?

Kuna maneno ambayo ukikaa Mombasa siku tatu utayasikia mara nne: "Mji umejaa." Husemwa ndani ya matatu ya Bamburi ikikwama Kongowea, husemwa kwenye foleni ya feri, husemwa barazani Mji wa Kale kahawa chungu ikimiminwa. Na aghalabu yana mkia: umejaa watu wa bara. Msemaji hatoi takwimu na hakuna anayemdai. Macho yanamtosha.

Mimi nimekuwa na tabia mbaya ya kusoma majedwali ya sensa badala ya kusinzia mchana kama wenzangu, na majedwali hayo yamenitoa kwenye imani niliyokuwa nayo tangu utotoni. Naomba niwaudhi watu kidogo.

Sensa ya 1969, ya kwanza baada ya uhuru, iliikuta Mombasa ina watu 247,073. Ya 1979 ikapata 341,148, ya 1989 ikapata 461,753, ya 1999 ikapata 665,018, ya 2009 ikapata 939,370. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 tukahesabiwa tena, safari hii kwa vishikwambi, tukawa 1,208,333. Katika miaka 50 tumeongezeka karibu mara tano. Ukiishia hapo, mzee wa barazani ana haki ya kupiga meza.

Usiishie hapo. Kenya nzima mwaka 1969 ilikuwa na watu 10,942,705, na 2019 ilikuwa na 47,564,296. Nayo imezidi mara nne na zaidi. Fanya hesabu ya darasa la sita: mwaka 1969, katika kila Wakenya 1,000, watu 23 walikuwa wakiishi Mombasa. Mwaka 2019, katika kila 1,000, walikuwa 25. Nusu karne ya treni, mabasi ya usiku, mahoteli, viwanda, vyuo na ndoa za kila aina, na fungu letu limeongezeka watu wawili kwa kila elfu.

Linganisha na Nairobi. Mwaka huo wa 1969 ilikuwa na watu 509,286; mwaka 2019 ikawa na 4,397,073. Kutoka 47 katika kila elfu hadi 92. Wimbi tunalolisema lilikuwapo kweli, ila halikuvunjikia hapa, kwenye bandari ya Kilindini. Lilivunjikia bara. Na asiyejua ajue pia kwamba wapo vijana wengi wa Kisauni na Likoni walioondoka nalo, nao leo wanapanga Eastleigh na Pipeline za Nairobi, na huko kuna mtu anasema mji umejaa watu wa Pwani.

Kwa hiyo mbona tunabanana? Sehemu ya jibu ni jiografia tu. Kaunti nzima ina kilomita za mraba 220 hivi, na kila kilomita ilibeba wastani wa watu 5,495. Lakini kisiwa chenyewe, Mvita, kilikuwa na watu 154,171: mmoja tu katika kila wanane wa kaunti. Kisauni ilikuwa na 291,930 na Nyali 216,577, na ukizijumlisha umepata zaidi ya watu wanne katika kila kumi ng'ambo ya kaskazini peke yake. Likoni 250,358. Jomvu 163,415. Changamwe 131,882. Mombasa ya kadi za posta, ya Ngome na pembe za ndovu za Barabara ya Moi, ni kipande kidogo cha Mombasa inayolala na kuamka. Watu wamekaa ng'ambo, shughuli zimebaki kisiwani na magatini, na katikati kuna maji. Daraja la Nyali lilifunguliwa 1980, wakati mji mzima ulikuwa na watu wasiofika 400,000. Huko Likoni, watu zaidi ya 300,000 huvuka kwa feri kila siku. Ukikaa kwenye foleni hiyo saa kumi na mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, mtu kakukanyaga kidole, utaapa kwamba dunia nzima imehamia Pwani. Kumbe ni watu walewale, wanapita mlango mmoja kwa saa moja.

Halafu mji umemwagika. Kati ya 2009 na 2019 Mombasa ilikua kwa asilimia 29 hivi. Kilifi ilitoka 1,109,735 ikafika 1,453,787, asilimia 31. Kwale ilitoka 649,931 ikafika 866,820, asilimia 33. Majirani zetu wanakua kuliko sisi, na mtu yeyote aliyesimama Mtwapa alfajiri akaona magari yalivyoelekeza pua kusini anajua kwa nini. Chumba cha Mtwapa, cha Mazeras, cha Ng'ombeni ni rahisi zaidi, na nauli bado inalipika. Lakini sensa yetu ni ya usiku. Inauliza nani amelala hapa. Haiulizi nani ameshinda hapa, nani amekunywa maji ya hapa, nani ametumia choo cha stendi ya hapa. Wa Mtwapa anahesabiwa Kilifi, japo mguu wake unachakaza lami ya Mombasa siku sita kwa juma.

Wenye kudhani hili ni jambo la wasomi tu wakumbuke mvutano wa Seneti wa 2020, maseneta walipokwama wiki baada ya wiki juu ya namna ya kugawa fedha za kaunti. Fomula waliyokubaliana Septemba mwaka huo iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 18, afya 17, umaskini 14, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, kilimo 10, huduma za mijini 5, na asilimia 20 ikagawanywa sawasawa kwa kaunti zote. Mombasa, katika mgao wa kwanza wa fomula hiyo, ikapata takriban shilingi bilioni 7.6 kati ya bilioni 370. Ni kama asilimia 2. Watu wetu ni asilimia 2.5 ya nchi. Na katika hesabu za KNBS, shirika la taifa la takwimu, za pato la kila kaunti, uchumi unaopita hapa ni karibu asilimia 5 ya uchumi wa taifa.

Zipo njia mbili za kuzisoma namba hizo tatu. Ya kwanza ni ya kisiasa, nayo tunaijua: tunanyonywa. Mandera, yenye watu 867,457, ilipata zaidi ya bilioni 11. Mimi sina kinyongo na Mandera. Ina ardhi kubwa kuliko sisi mara mia na ushei, barabara chache, na mwanamke wa huko, kwa utafiti wa afya wa 2022, ana wastani wa watoto 7.7 wakati wa taifa ni 3.4. Fomula inayomfikia huyo haikukosea. Kosa ni kwamba hapakuwa na mahali katika fomula ile palipomhesabu mtu wa mchana. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani inapokea wagonjwa kutoka Lamu hadi Taita, na hakuna mgonjwa anayekuja na mgao wake mkononi.

Njia ya pili ndiyo inayonishughulisha zaidi. Kama asilimia 2.5 ya watu inakaa juu ya asilimia 5 ya uchumi, basi kila mtu wa Mombasa, kwa wastani, ana mara mbili ya Mkenya wa kawaida. Nenda Kisauni ukawaambie. Wastani ni kitu kizuri sana kwa asiyekaa ndani yake. Pesa zinazopita mjini si pesa zinazolala mjini. Meli inatia nanga Kilindini, ushuru unakwenda Hazina, faida inakwenda ilikoandikishwa kampuni, na mzigo unakwenda Kampala. Kinachobaki hapa ni mshahara wa aliyeugusa. Tukitaka kujua mji umejaa ama haukujaa, tuulize wangapi bado wanaugusa.

Lakini kabla ya kufika magatini, nirudi kwa huyu "mtu wa bara", maana naona tutaondoka bila kumjua.

Nilikuwa Majengo jioni karani wa sensa alipobisha kwa jirani yetu, mwanamke mzima aliyezaliwa kabla ya uhuru na asiyependa kuharakishwa. Karani, binti mdogo, akaamkia vizuri: "Shikamoo, bibi." Akaitikiwa. Maswali ya umri na watoto yakapita. Kisha:

"Bibi, kabila lako?"

"Mtangana."

Binti akakiangalia kishikwambi kama kilichomsaliti. "Mtanga nini, bibi?"

"Tangana, mwanangu. Thelatha Taifa. Wakilindini, Wachangamwe, Watangana. Hamkusomeshwa?"

"Niandike Mswahili?"

"Andika uonavyo."

Hapo mtoto wake wa kiume akadakia kutoka kibarazani kwamba yeye aandikwe Mwarabu, kwani babake ana ukoo Shihr, Yemen. Mjukuu, ambaye babake ni wa Tiwi, akajiita Mdigo na hakutaka mjadala. Nyumba moja, chungu kimoja cha wali, makabila matatu, na yote ya kweli.

Sasa tazama jedwali. Sensa ya 2009 iliwahesabu Waswahili 110,614 Kenya nzima. Ya 2019 ikawahesabu 56,074. Nusu yao wametoweka katika miaka kumi, miaka ambayo nchi iliongeza karibu watu milioni tisa. Hapakuwa na tauni, hapakuwa na vita, na merikebu haikuja kuwachukua. Kilichobadilika ni jibu. Mtu wa kwetu ana mlango zaidi ya mmoja wa kuingilia ukoo, na akiona mlango mmoja hauna kitu nyuma yake, si mgao, si kiti, si kitambulisho cha haraka, anatokea kwa mwingine. Simlaumu. Lakini mtu anayejenga hoja ya siasa juu ya safu ile ya kabila anajenga juu ya mchanga wa maji kujaa na kupwa.

Kasoro ya safu hiyo inakwenda upande wa pili pia. Mluhya wa Changamwe, ambaye babu yake alishuka kwenye behewa zama za mkoloni, aliyezaliwa hapa, aliyemzika mamake hapa, anayesema "nshakwambia" bila kufikiri, katika jedwali hana tofauti na Mluhya wa Kakamega ambaye hajawahi kuiona bahari. Na Mgiriama aliyefika jana kutoka Ganze, hajui hata njia ya Marikiti, anaandikwa mwenyeji. Sina neno na Mgiriama. Ni ndugu, na bara ya karibu ni yake. Nasema tu kwamba tukitumia kabila kupima ugeni tunapima kitu kingine kabisa.

Mji wenyewe hautusaidii kushikilia ugeni. Katika kaunti ndogo sita, tatu zimebeba majina ya mataifa ya zamani ya Waswahili: Mvita, Changamwe, Jomvu. Ukiyafuatilia mataifa yale, kumi na mawili kwa jumla, yakiwamo yale matatu ya bibi, unakuta Wapate, Wakilifi, Wamtwapa, Wabajuni, watu waliokuja hapa kutoka kwingine na kubaki na jina la walikotoka. Hiyo ndiyo sensa yetu ya kwanza, na ilikuwa orodha ya wahamiaji. Kisha Wabaluchi waliokuja na majeshi ya masultani, Wahadhrami, Wahindi wa reli iliyoanzia hapa 1896, watumwa walioachwa huru wakapewa makao Freretown kuanzia 1875, Wakamba, Wajaluo wa magatini, Wapemba wa nyavu. Naacha, maana orodha kama hii hupendwa na watu wa utalii, nao wana wao wa kuwaandikia.

Yapo matokeo ya damu ya kutoijua hesabu hii. Agosti 1997, Likoni, watu wa bara walifukuzwa kwa mapanga na moto. Waliouawa walizidi mia, na maelfu wakahama. Ningependa kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kijue kilichofuata: watalii walikimbia, mahoteli ya Pwani ya Kusini yakafunga milango, na waliokaa bila kazi miezi na miezi walikuwa pia wapishi wa Kidigo, mabaharia wa mashua za vioo, akina mama wa kusuka nywele ufuoni. Hakuna nafasi moja ya kazi iliyohama kutoka kwa mgeni ikaja kwa mwenyeji. Zilikufa zote.

Jambo ambalo sensa inalisema kwa sauti, na ambalo sisi hatulisikilizi, ni umri. Chora umri wa watu wa Kenya nzima na utapata umbo la pembetatu iliyoanza kusimama wima, chini watoto wengi, juu wazee wachache. Chora wa Mombasa na utapata mtungi: umejaa tumbo katikati, kwa watu wa miaka 20 hadi 35. Watoto si wengi kama mashambani, wazee ni haba. Kaya yetu ina watu kama watatu tu, wakati wastani wa nchi ni karibu wanne. Ni mji wa watu waliokuja ama waliobaki wakiwa katika umri wa kufanya kazi, wanaozaa wachache, na wengi wao wakizeeka hurudi kwao kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto wanane. Leo hawafiki wanne. Hao wa katikati ya mtungi ni watoto wa akina mama waliokuwa wakianza kupunguza uzazi; ni wengi kwa sababu ya hesabu za nyumbani, na wangekuwa wengi hata kama basi lisingetoka Kisumu. Kwa hiyo anayesema mji umejaa anaona sawa, ila anakiita kitu kwa jina lisilo lake. Umejaa watu wazima. Mtoto hupakatwa na hula nusu sahani. Mtu wa miaka 25 anataka chumba, nauli, na kitu cha kufanya saa mbili asubuhi.

Na hapa ndipo magati yanapoingia.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma: makuli wa bandarini, watu wa reli, wapishi wa mahoteli, watumishi wa majumbani, mpaka waliokuwa wakibeba kinyesi usiku. Walikutana kwenye uwanja walioupa jina lenyewe, Kiwanja cha Maskini. Kiongozi aliyekuja kujulikana kuliko wote, Chege Kibachia, alitoka bara, na serikali ya mkoloni baadaye ilimhamishia Baringo akae mbali na mji. Waliokaa chini ya miti pale walikuwa Waswahili, Wamijikenda, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu. Waligoma kwa sababu mji ulikuwa unawahitaji na ulikuwa hauwalipi. Kila gunia la kahawa na kila mfuko wa saruji ulipita begani mwa mtu. Ukikosa bega, meli hailipi, inalala.

Bega hilo limekwisha. Mwaka 2024 bandari ilipitisha zaidi ya tani milioni 41, na makontena, kwa kipimo cha futi 20, yalipita milioni mbili kwa mara ya kwanza. Ni mizigo ambayo kuli wa 1947 asingeiwazia hata usingizini. Na waajiriwa wa mamlaka ya bandari hawafiki 10,000, katika mji wenye watu zaidi ya milioni. Kreni moja na dereva wake, aliyekaa juu kwenye kibanda cha vioo na baridi ya mashine, inamaliza kwa dakika kadhaa kazi iliyokuwa ya genge zima. Watu wa kupakua makontena bado wapo, katika yadi za Miritini na Changamwe, lakini ni vibarua: wanasimama getini alfajiri, anayetakiwa anaonyeshwa kidole, asiyetakiwa anarudi na nauli ya kukopa.

Kisha mzigo ukajifunza kupita bila hata kusimama. Bohari ya nchi kavu ya Embakasi ilifunguliwa 1984, lakini iliyotuuma ni reli mpya, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwishoni mwa Mei 2017 na mizigo Januari 2018. Agosti 2019, mwezi uleule tuliohesabiwa, ikatoka amri kwamba mizigo iende Nairobi kwa reli. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Nilisimama nao mara mbili, na kama ungetaka kuona muundo wa watu wa Mombasa kwa macho badala ya jedwali, pale ndipo ilikuwa: madereva wa malori wengi wao wa bara, mawakala wa forodha wa Kiswahili na Kihindi, mafundi matairi wa Kikamba, akina mama wa chakula wa Miritini na Mariakani, wenye yadi. Hakuna aliyeulizana kabila; waliulizana nani amefunga na nani bado. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaibatilisha amri ile, na Septemba 2022 rais mpya akatangaza, siku ya kuapishwa, kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Yadi nyingine zilifunguka. Nyingine zimekuwa maegesho ya matuktuk.

Tuktuk ndiyo bandari ya sasa, ukiniuliza. Tuktuk, boda, viazi karai, mitumba, kuuza salio la simu chini ya mwavuli. Nchini kote ajira zaidi ya nane katika kila kumi nje ya kilimo kidogo ni za jua kali, na Mombasa haina sababu ya kuwa tofauti. Akina dada wamepata mlango kwenye viwanda vya kushona nguo za Marekani vilivyokuja baada ya AGOA, sheria ya Marekani ya 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kazi ya kukaa na cherehani tangu asubuhi, mshahara unaoshika na kuachia. Wengine wamepanda ndege kwenda Saudia, na nyumba kadhaa za mtaani kwetu zimepigwa plasta kwa pesa hizo. Huyo aliyeko Riyadh, kwa njia, hayumo katika ile 1,208,333. Hakulala hapa.

Ukiuliza kwa nini kijana wa hapa anauhisi ugeni kuliko wa Nakuru ama Eldoret, utafika kwenye ardhi, na hapo namna ya kusema inabidi iwe pole. Mkoloni alitunga sheria ya hati za ardhi mwaka 1908 kwa ajili ya ukanda wa Pwani: mwenye dai alitakiwa aje alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Aliyekuwa na wakili na karatasi alikuja. Mdigo, Mgiriama, na Mswahili aliyejua shamba ni la ukoo kwa sababu makaburi ya ukoo yamo, wengi hawakuja, ama walikuja bila karatasi. Miaka 55 baadaye uhuru ukafika na karatasi zikabaki zilipo. Wakati serikali ilipotoa hati kwa maelfu ya wakaazi wa shamba moja la Likoni la ekari 930, mwezi wa Januari 2016, watu walicheza ngoma kwa kupewa, tena kwa kulipia, ardhi waliyokuwa wakiishi juu yake tayari.

Ndiyo maana Mombasa ina kitu ambacho wageni wetu hukistaajabia: nyumba bila ardhi. Umejenga, una kuta, una mabati, una vyumba sita umepangisha vinne, na mchanga ulio chini ya msingi ni wa mtu mwingine, unayemlipa kodi ya ardhi. Majengo imejengwa hivyo, na vipande vikubwa vya Kisauni na Likoni. Nyumba kama hiyo benki haiikopeshi, na huwezi kuipandisha ghorofa bila ruhusa. Ukitaka kuiuza unauza mbao na mawe. Mpangaji wake mara nyingi ni mtu wa bara. Kodi yake ndiyo inayomlisha mwenye nyumba, na ndiyo inayomlipa mwenye ardhi. Wawili hawa wanalumbana juu ya nani mgeni, na wa tatu hayupo hata mtaani.

Yule binti karani alikuwa amefika karibu na mwisho wa orodha yake. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshaanza na bibi alikuwa ameshanyosha mguu kutafuta kandambili.

"Bibi, nyumba hii ni yenu ama mmepanga?"

"Yetu."

"Mlinunua, mlijenga, ama mlirithi?"

"Alijenga babake mume wangu. Marehemu wote."

Binti akagusa kioo mara moja: wamerithi. Akauliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, sakafu ni ya nini, akashukuru, akavaa viatu vyake mlangoni akaenda nyumba ya pili. Juma lililofuata akaja kijana na kitabu cha risiti, ametumwa na mwenye ardhi, na bibi akaingia ndani kutafuta pesa alizolipwa na wapangaji.